Akeri Haikuwa Mwisho: Mpango wa Mungu katika Historia ya Mlima Meru

Katika sharika zetu za Arusha na Meru kuna maneno yanayosikika karibu kila juma: "Ni mpango wa Mungu." Husemwa msibani. Husemwa kijana anapokosa nafasi ya chuo, husemwa mvua inapokatika mapema na mahindi kukauka shambani, husemwa wodini daktari akishaondoka. Aliyefikwa na jambo huyapokea kwa kuinamisha kichwa. Wapo wanaofarijika kweli. Wapo pia wanaobaki na swali wasilothubutu kulisema mbele ya mchungaji: Je, Mungu ndiye aliyelitaka jambo hili?

Swali hilo halikuanza leo. Sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru tumelirithi, kwa sababu kanisa letu lenyewe lilianza kwa msiba. Kwa hiyo tunamwomba msomaji atembee pamoja nasi katika historia ya mlima huu, tangu mwaka 1896, ili tuone ni kwa namna gani tunaweza kukiri kwamba mipango ya Mungu inapita mipango yetu, na ni kwa namna gani hatupaswi kuyatumia maneno hayo.

Usiku wa Akeri

Misheni ya Leipzig ilianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, huko Machame. Miaka mitatu baadaye wamisionari waliamua kuvuka kuja upande wa magharibi, kwa Wameru na Waarusha. Waliochaguliwa kwa kazi hiyo walikuwa wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock. Walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu. Ingawa walitumwa na misheni ya Kijerumani, nyumbani kwao kulikuwa kwenye nchi za Baltiki, zile ambazo leo tunaziita Estonia na Latvia, na ambazo wakati ule zilitawaliwa na mfalme wa Urusi. Msomaji aliweke akilini jambo hili dogo. Tutalirudia.

Mpango wao ulikuwa mpango mwema, wa aina ambayo kamati yoyote ya usharika ingeupitisha bila ubishi: wapate kiwanja, wajenge nyumba, wajifunze lugha, wafungue shule, wahubiri Injili. Mwezi Oktoba 1896 wakafika Akeri, wakiwa na wenzao Wachaga waliotoka nao Kilimanjaro, wakapiga hema.

Lakini hawakufika katika nchi iliyotulia. Mwanzoni mwa miaka ile ya 1890 sotoka ilikuwa imefyeka ng'ombe katika nchi yote ya Wamasai na majirani zao. Mtu ambaye utajiri wake, mahari ya wanawe na heshima yake vyote vilikuwa zizini, alibaki akitazama zizi tupu. Ndui na njaa vilifuata. Tena habari za bunduki za Wajerumani zilikuwa zimekwisha kuvuka kutoka Kilimanjaro, ambako mwaka 1893 majeshi ya Mangi Meli wa Moshi yalishindwa. Na katika siku zile zile ambazo wamisionari walipiga hema Akeri, Kapteni Kurt Johannes, mkuu wa kikosi cha Wajerumani huko Moshi, naye alikuwa amepiga kambi jirani pamoja na askari wake.

Tujaribu kutazama kwa macho ya wapiganaji waliokuwa juu mlimani. Waliona kambi mbili za wageni zimekuja kwa njia moja na katika msimu mmoja. Kambi moja ina bunduki, nyingine ina vitabu. Nani angewaeleza kwamba hawa wana shughuli tofauti na wale? Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 1896 wapiganaji wa Meru na Arusha waliishambulia kambi ya Akeri. Ovir na Segebrock waliuawa kwa mikuki, na pamoja nao waliuawa baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Majina ya wale vijana wawili yanasomwa katika kila historia ya misheni ya kaskazini. Wale Wachaga mara nyingi hutajwa kwa idadi tu, wakati walikufa usiku ule ule, kwa mikuki ile ile, mbali na kwao vilevile.

Basi tuhesabu matunda ya safari hiyo jinsi wanadamu wanavyohesabu. Hakuna aliyebatizwa. Hakuna shule iliyofunguliwa. Hakuna nyumba iliyojengwa. Mama zao huko Baltiki walipokea barua. Kama kuna mpango uliowahi kushindwa kabisa katika historia ya kanisa letu, ni huu.

Kisasi

Habari ya Akeri ingeishia hapo, tungekuwa na kisa cha mashahidi wawili wa imani na wenzao, na tungekisimulia kwa machozi mepesi. Lakini haikuishia hapo. Kapteni Johannes alirudi na askari wake na maelfu ya wapiganaji kutoka Kilimanjaro. Wameru na Waarusha waliuawa kwa mamia. Mifugo kwa maelfu, ile iliyokuwa imeponea sotoka, ikaswagwa kwenda mashariki. Nyumba zilichomwa na migomba ikakatwa. Kila anayeishi huku anajua maana ya kukata mgomba: ni kumnyang'anya mtu chakula cha leo na cha mwaka kesho, na pombe ya kikao, na lishe ya ng'ombe wake, kwa pigo moja la panga.

Kisha ikajengwa boma ya Arusha, kwa kazi ya kulazimishwa ya watu wale wale walioshindwa. Jengo lile bado lipo katikati ya jiji, nalo sasa ni makumbusho ambako watoto wa shule hupelekwa kujifunza. Mwaka 1900 viongozi kadhaa wa Kilimanjaro, Meru na Arusha, Mangi Meli akiwa mmoja wao, walinyongwa huko Moshi kwa amri ya Wajerumani.

Hapa ndipo maneno "mpango wa Mungu" yanapokuwa ya hatari. Kuna namna ya kuisimulia historia hii ambayo inaonekana ya kumcha Mungu: wamisionari walimwaga damu, serikali ikaadhibu, njia ikafunguka, Injili ikaingia, kwa hiyo yote yalipangwa juu mbinguni. Sisi tunakataa kusimulia hivyo. Mtoto wa Mmeru aliyepigwa risasi kwenye shamba lake la migomba hawezi kuambiwa kwamba Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo alihitaji bunduki za Johannes ili afike Nkoaranga. Mungu aliyekataa kuleta majeshi ya malaika kumwokoa Mwanawe pale Gethsemane hakuwahi kuazima jeshi la mkoloni kumfungulia mlango.

Martin Luther alifundisha jambo hili huko Heidelberg mwaka 1518, alipotofautisha mwanatheolojia wa utukufu na mwanatheolojia wa msalaba. Yule wa kwanza hupaka ubaya rangi hadi uonekane mwema. Wa pili hukiita kila kitu kwa jina lake. Sisi tulio Walutheri tunapaswa kuijua njia hiyo ya pili. Kuuawa kwa wageni waliolala hemani ni uovu. Kuchoma nyumba za watu na kukata migomba yao ni uovu. Hakuna kati ya hayo mawili ambalo Mungu aliliagiza.

Tunachoweza kusema, na tunakisema kwa moyo wote, ni kwamba Mungu hakuutaka mkuki wa Akeri, lakini pia hakushindwa nao. Mambo yaliyofuata ndiyo ushahidi wetu.

Nkoaranga na Ilboru

Mwaka 1902 Misheni ya Leipzig ilirudi Meru. Arno Krause na Karl Fickert walianza kituo Nkoaranga, katika mteremko huo huo wa mlima, si mbali na Akeri. Mwaka 1904 kazi ikaanzishwa pia kwa Waarusha, huko Ilboru, juu ya mji wa sasa.

Ujasiri wa waliorudi tunausifu, na ni haki. Lakini tukitafakari vizuri, kuna ajabu kubwa zaidi ambayo haisifiwi vya kutosha. Ajabu hiyo ni ya Wameru na Waarusha waliokubali kusikiliza. Ilikuwa imepita miaka sita tu. Wajane wa vita bado walikuwa hai. Vijana waliokaa kwenye mabenchi ya shule ya Nkoaranga walikuwa watoto na wadogo wa wale waliouawa na Johannes. Walikuwa na kila sababu ya kuziba masikio.

Ukweli ni kwamba walikuja kwa sababu mbalimbali. Wako waliokuja kutafuta kusoma na kuandika, kwa kuwa waliona nguvu iliyo katika karatasi. Wako waliokuja kwa ajili ya dawa. Wako waliokuja kwa kuwa misheni ilionekana mahali salama kuliko boma. Baadaye wako waliovutwa na kahawa, zao ambalo wamisionari walisaidia kulileta katika mashamba ya huku. Nia zao zilikuwa na mchanganyiko, kama zilivyo za kwetu tunapokuja ibadani. Ila Neno likiisha kuingia ndani ya mtu hufanya kazi yake bila kuuliza mtu huyo alikuja kutafuta nini. Ndani ya muda wa kizazi kimoja, watu wa mlima ambao ulikuwa umewaua wahubiri wakawa wenyewe ndio wahubiri.

Wakati wachungaji walipoondolewa

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Tanganyika ikawekwa chini ya Waingereza, na mwaka 1920 wamisionari Wajerumani waliondolewa nchini. Kwa kanisa changa la kaskazini hili lilikuwa pigo ambalo leo ni vigumu kulifikiria. Hapakuwa hata mchungaji mmoja Mwafrika aliyebarikiwa. Sakramenti, mitihani ya walimu, fedha, vitabu, vyote vilipitia mikononi mwa watu ambao sasa walikuwa wanapanda meli.

Hapo ndipo tunarudi kwenye lile jambo dogo tulilomwomba msomaji aliweke akilini. Katika Ilboru alikuwapo mmisionari Leonhard Blumer, mtu wa Estonia. Kwa kuwa hakuhesabiwa kuwa Mjerumani, aliruhusiwa kubaki, akaendelea kuhudumu hadi mwaka 1930. Mwaka 1896 mkuki haukuweza kumtofautisha mtu wa Baltiki na askari wa Johannes. Mwaka 1920 tofauti hiyo hiyo, ambayo haikumsaidia Ovir kwa lolote, ndiyo iliyoacha mchungaji mmoja mlimani wakati wengine wakiondoka. Hakuna mtu katika ofisi ya misheni ya Leipzig aliyepanga hivyo. Walipowapokea vijana wa Baltiki miaka mingi kabla, hawakuwa wanafikiria vita vya dunia.

Lakini mtu mmoja hawezi kuchunga mlima mzima. Waliolibeba kanisa katika miaka ile walikuwa hasa walimu na wainjilisti wenyeji, wenye elimu ya madarasa machache, wengi wao bila mshahara wa kutegemea. Walifundisha watoto Katekisimu Ndogo, walizika wafu, walipatanisha nyumba zilizogombana, waliongoza ibada za Jumapili. Baadaye Walutheri wa Marekani, wa Sinodi ya Augustana, walikuja kusaidia, na Wajerumani wakarudi tena katika miaka ya 1920. Wakakuta kanisa lililojua kusimama. Mwaka 1934 wachungaji wa kwanza Waafrika wa eneo la Misheni ya Leipzig walibarikiwa, na kati yao alikuwamo Lazaro Laiser kutoka Arusha. Vita ya Pili ilipowaondoa Wajerumani kwa mara nyingine, kuanzia mwaka 1939, walikuwapo wachungaji wenyeji wa kushika kazi.

Kuna somo hapa kwa kila usharika unaolia kwa sababu aliyekuwa nguzo ameondoka. Aliyeondolewa hakuondolewa kwa sababu Mungu amechoka naye. Ila mara nyingi mikono iliyokuwa imekaa nyuma hujulikana pale tu mkono wa mbele unapokosekana.

Engare Nanyuki

Tukio la tatu lilitokea wakati wazee wengi wa sharika zetu walikuwa watoto. Kaskazini mashariki mwa mlima, kwenye uwanda unaotazama Kilimanjaro, ndiko iliko Engare Nanyuki. Serikali ya Kiingereza ilitaka eneo lile liwe la wafugaji wazungu, kufuatana na mapendekezo ya tume ya Jaji Mark Wilson. Wameru waliokuwa wakiishi pale waliambiwa wahamie Kingori, mahali penye joto na malaria, nao wakakataa. Mnamo Novemba 1951 askari walianza kuwaondoa kwa nguvu watu wapatao 3,000. Nyumba zao zilichomwa na kubomolewa. Maghala ya chakula yaliteketezwa. Hata nyumba ya ibada haikusalimika.

Wengi wa waliofukuzwa walikuwa Wakristo. Walikuwa wakiomba kila siku kwamba mapenzi ya Mungu yatimizwe, na sasa walikuwa wamekaa kando ya barabara na watoto na vyungu. Tungewaambia nini? Kama mtu angewaendea jioni ile na kusema kwamba ni mpango wa Mungu, basi angekuwa amemweka Mungu upande wa wenye mienge.

Wao wenyewe walifanya jambo jingine. Walisali, kisha wakakutana, kisha wakachanga. Senti za kahawa na za mifugo zilikusanywa kumpeleka mjumbe Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini. Mjumbe huyo alikuwa Kirilo Japhet, Mmeru, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa na ofisi yake Moshi. Mwaka 1952 walifika New York na kuyasema mambo ya Engare Nanyuki mbele ya mataifa. Tumaini la Wameru halikuwa la kukunja mikono. Lilikuwa na nauli.

Na bado hawakushinda. Azimio la kuwatetea halikupata wingi wa kura uliotakiwa kwenye Baraza Kuu. Kirilo alirudi nyumbani bila ardhi. Kwa mara nyingine, mpango mwema wa watu wenye haki ulionekana umekwisha mikononi mwao.

Lakini aliporudi alikuwa na habari ya kusimulia, na watu wa sehemu nyingine za Tanganyika walitaka kuisikia. Kesi ya ardhi ya Wameru iliwafundisha watu wa nchi nzima kwamba serikali ya kikoloni inaweza kuitwa kutoa hesabu, tena mbele ya ulimwengu. Mwaka 1954 TANU ikaundwa, na mwaka 1955 Julius Nyerere alisimama katika Umoja wa Mataifa, kwenye njia ambayo Mmeru alikuwa amekwisha kuikanyaga. Uhuru ulikuja mwaka 1961. Leo Ngarenanyuki inajulikana sokoni Arusha kwa nyanya na vitunguu vyake, vinavyolimwa na Wameru, na siku ya Bwana watu wa kule hukusanyika kumwabudu Mungu katika ardhi ambayo nyumba ya ibada ilibomolewa.

Je, tuseme Mungu aliwafukuza watu 3,000 ili ailetee Tanganyika uhuru? Hapana. Kuna wazee waliofukuzwa ambao walikufa kabla ya kurudi, na kwao hakuna uhuru unaofuta usiku ule. Tunasema tena kama tulivyosema juu ya Akeri: Mungu hakuwasha moto wa Engare Nanyuki, lakini hakukubali majivu yawe neno la mwisho.

Shule chini ya mlima

Mwaka 1954, wakati kidonda cha Engare Nanyuki kilikuwa bado kibichi, Chuo cha Theolojia cha Kilutheri, kilichokuwa kimeanza mwaka 1947 huko Lwandai, Usambara, kilihamia Makumira. Anayetoka Makumira kwa miguu kuelekea mlimani hufika Akeri bila kulala njiani. Miaka 58 ilikuwa imepita tangu vijana wawili wauawe pale kabla hawajafundisha hata somo moja. Tangu hapo mamia ya wachungaji kutoka kila pembe ya nchi, na kutoka nchi za jirani, wamefundishwa Neno la Mungu karibu na mahali hapo. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yakaungana kuwa KKKT, na Mkuu wake wa kwanza akawa Stefano Moshi, mtoto wa Kilimanjaro.

Ovir na Segebrock walitaka shule moja ya watoto. Hayo ndiyo yaliyokuwa katika mpango wao, na mpango huo haukutimia. Hawakuomba chuo, kwa kuwa hawakujua kwamba kitu kama hicho kinaweza kuombwa.

Namna ya kulitamka neno hili

Sasa turudi kwa yule aliyefiwa, na kijana aliyekosa chuo, na mkulima aliyekaukiwa na mahindi. Historia ya mlima wetu inatufundisha mambo matatu juu yao.

La kwanza, nani anayesema. Katika kitabu cha Mwanzo, Yusufu ndiye aliyewaambia ndugu zake kwamba walikusudia mabaya, naye Mungu aliyakusudia kuwa mema (Mwanzo 50:20). Tuangalie vizuri. Alisema Yusufu mwenyewe, aliyeumizwa, tena baada ya miaka mingi, tena akilia. Pale shimoni hakuna aliyemwambia maneno hayo. Ndugu zake walikaa karibu na shimo wakala chakula (Mwanzo 37:25). Yule aliye shimoni hahitaji maelezo kutoka kwa aliye ukingoni. Anahitaji kamba. Siku atakapokuwa tayari kutamka kwamba Mungu aligeuza, atatamka mwenyewe, nasi tutasema Amina.

La pili, wakati wa kusema. Musa alipoomba kuuona utukufu wa Mungu aliruhusiwa kuona nyuma tu, baada ya Mungu kupita (Kutoka 33). Ndivyo tunavyoiona mipango yake. Aliyekuwa Akeri asubuhi ya tarehe 20 Oktoba 1896 hakuona chuo. Aliona miili na majivu ya moto wa kambi. Wakati huo imani haidai kueleza. Inashikilia tu kwamba Mungu yupo. Luther mwenyewe alipofiwa na binti yake Magdalena mwaka 1542, mtoto wa miaka 13, aliamini ufufuo na akalia kama baba. Machozi yake hayakuwa upungufu wa imani. Kwa hiyo mama anayelia mbele ya jeneza katika sharika zetu asikatazwe kulia kwa jina la mpango wa Mungu.

La tatu, nini cha kufanya. Kutumaini mipango ya Mungu hakutuondolei kazi ya kupanga. Walimu wa miaka ya 1920 waliendelea kufundisha bila kujua kama atakuja mchungaji. Wazee wa Engare Nanyuki walichanga nauli bila kujua kura zitaendaje. Aliyepoteza kazi aendelee kuandika barua za maombi ya kazi. Mgonjwa ameze dawa. Aliyedhulumiwa shamba aende kwenye baraza na kudai haki yake bila kuona aibu, maana Mungu anayeweza kugeuza dhuluma kuwa mema hajawahi kuihalalisha. Tufanye mipango yetu kwa akili zote, kisha tuishike kwa mkono uliofunguka, ili Bwana akiongeza tuwe na nafasi ya kupokea, na akiondoa tusivunjike vidole.

Msingi wa haya yote haupo Akeri wala Makumira. Upo Golgotha. Pale wanadamu walifanya ubaya kuliko wote waliowahi kufanya, na Mungu hakuuita mwema. Aliuchukua, akaufia, na siku ya tatu akaonyesha kwamba hauna nguvu ya kumzuia. Bwana mwenyewe alisema kwamba mbegu ya ngano isipoanguka na kufa hubaki peke yake (Yohana 12:24). Mbegu haijui shamba litakavyokuwa. Inajua giza la udongo tu.

Wengi wetu tupo katika udongo huo sasa hivi. Tunayo madeni, tunayo magonjwa ambayo hayajapata jina, tunao watoto waliotoka nyumbani hawajarudi. Hatuna ruhusa ya kuwaambia ninyi, wapendwa, kwamba Mungu ndiye aliyewaletea haya. Tunayo ruhusa, tena ni agizo, ya kuwaambia kwamba hayajamshinda. Mlima tunaouona kila asubuhi ukitoka mawinguni ni shahidi wetu wa karibu. Umeona watu wakizika mipango yao mara nyingi, na juu ya makaburi hayo bado unasikia watu wakiimba.